Naomba Kusajiliwa Kama Mbuni

Kwa Wakuu wa Vibali vya Wageni,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Taveta, upande wa Kenya, nafundisha sekondari moja ya binafsi hapa Moshi. Kutoka kwangu hadi mpakani Holili ni mwendo usiotimia saa moja kwa gari. Mama akitoka nje asubuhi anakiona kilele kile kile cha Kibo ninachokiona mimi, ila yeye anakiona kwa ubavu.

Kibali changu cha kazi kinakwisha Desemba. Ni cha pili, na kila kimoja ni cha miezi 24. Pembeni yake ninacho cha ukaazi, Daraja B, maana kufanya kazi ni jambo moja na kuwepo pale unapoifanyia ni jambo jingine. Vyote vimefungwa kwa mwajiri. Siku akininunia, nakuwa mtalii asiye na kamera.

Sina ugomvi na sheria, ni hesabu yake tu inayonitoa jasho. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, ilipotungwa mwaka 2015, ilimwekea mwajiriwa kama mimi ukomo wa miaka mitano. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini jumla ya miaka saba ndani ya kumi, halafu na miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Niliwaandikia Kidato cha Pili ubaoni. Mmoja akauliza kama swali limekosewa. Nikamwambia arudie.

Lakini kinachonikosha hasa ni mpango wa urithishaji. Mwajiri wangu sharti aonyeshe Mtanzania ninayemfundisha ili anirithi, nami nimekuwa marehemu mtiifu. Mrithi wa kwanza, binti wa Kibosho, alikaa nyuma ya darasa mihula miwili akinakili mpaka mizaha yangu. Ajira za serikali zikatoka, akapangiwa Songea. Wa pili ndiye aliyekuwa na kipaji. Siku moja saa nne, tuko kwenye chai, akalisukuma boksi la chaki upande wangu wa meza, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Mwalimu, nishikie. Nimepata kundi la Wajerumani, njia ya Machame, siku saba."

Alirudi uso umebabuka kwa jua, mkononi simu mpya, akaniuliza hivi mshahara wa mwalimu ni kiasi gani vile. Hakukaa hata kumaliza chai. Sasa fomu inadai mrithi wa tatu. Ninaye, ila bado yuko Kidato cha Nne na logarithimu zinamtesa.

Nikitazama huku mlimani, naona wageni wenzangu walivyopokewa. Mbuni (wa kahawa, si yule ndege) uliletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna aliyeuuliza unamrithisha nani. Kufika mwaka 1933 ulishaundiwa chama cha ushirika, KNCU. Mgomba nao asili yake Asia, na leo ukimwambia Mchaga kuwa ni mhamiaji atakuitia wazee. Hata mlima wenyewe! Watoto shuleni husimuliana kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser. Ni uongo mtupu, mpaka ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani yaliyoanza mwaka 1886, lakini mimi hadithi ya bibi naipenda zaidi: ukaazi wa kudumu, bila picha za pasipoti, kwa udhamini wa bibi. Bibi yangu alikuwa akiuza ndizi Taveta, hakuwa na uwezo huo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010, sitaitaja. Makao ya Jumuiya yako Arusha, kama kilomita 80 tu kutoka hapa, na huenda itifaki bado iko njiani.

Basi naomba kusajiliwa kama mbuni. Niko tayari kupogolewa.

Naambatanisha fomu, risiti, na jani moja la isale. Jirani yangu, mzee wa Kibosho, amelikata kwenye mpaka wa kihamba chake. Anasema kwao anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nilipomwambia sijui nimekosa nini, akanishangaa: si ulizaliwa Taveta?

Nijulisheni tu kama linabanwa kwa pini pamoja na fomu, au nililete mkononi.

Wenu,
Mwalimu wa Hisabati, hadi Desemba