Zako Tia Maji

Ukimkuta Mswahili wa Houston amefunga kola hadi kooni, Agosti, kwenye joto la kukumbusha Tanga, usidhani ni heshima. Anaficha vipele vya kunyoa. Mwenzake wa Dallas anasingizia mbu.

Huyo wa Houston kwanza alikuwa na mashine ya nyembe 5: wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata chini ya ngozi, na nywele zetu za kipilipili zikijikunja zinarudi ndani. Akashauriwa, akahamia mashine ya wembe mmoja. Kaiagiza kwa dola, kaipiga picha. Ni ile ile ambayo King C. Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904, na ambayo babu yake aliiweka dirishani kwenye kikombe cha bati, bila kumpigia mtu picha.

Mashine imehama, mkono haujahama. Anaikandamiza kama anapara samaki, anapanda kinyume cha ndevu, anarudia mara nne, kisha anajimwagia spiriti na kumlaani Mmarekani.

Bwana, wahenga walipokwambia zako tia maji, hawakuwa na utani: maji ya vuguvugu, dakika 2 au 3. Povu zito. Mashine iinamishe nyuzi kama 30, uzito wake unatosha, ufuate ndevu zinakolalia, mara moja basi. Na wembe ukishanyoa mara 5 hivi, utupe. Gari unabadilisha kwa mkopo, wembe wa senti chache unataka kuurithisha wanao?

Vipele vikiwa bado vimewaka, fuga ndevu mwezi mzima kwanza. Shemeji atazoea.