Siri ya Duara
Jirani yangu hapa Katoro, mchimbaji mdogo mwenye ghera, alipoubaini mshipa wa dhahabu katika duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, aliapa wallahi kwamba habari ile haitamfikia mkewe, wala shemejiye, wala hata mganga aliyempa dawa. Na kweli, hakumwambia mtu. Alipiga picha tu: jiwe li kiganjani, na nyuma yake karasha la kusagia mawe la mzee ajulikanaye na mtaa mzima, kisha, kwa kuchelea isipoteze ung'avu wake, akaituma katika kundi la mtandaoni kama faili, ilhali simu, mtumishi mwaminifu kupita kiasi, ilikuwa imekwisha kuandika ndani ya picha ile latitudo na longitudo ya mahali, pamoja na saa na dakika. Kabla ya magharibi vijana wa Nyarugusu, na hata wa Kakola upande wa Shinyanga, walikwisha kuwasili na sururu zao, wakamwamkia kwa taadhima.

Sasa aniuliza kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yaweza kumtia hatiani aliyeifichua siri yake. Nikamjibu kwamba yamkini, ila itambidi kwanza aandike jina la mshitakiwa. Usiku ule ule akalitia kundini lalamiko lake, limepigwa picha vizuri, namba ya NIDA ikisomeka barabara.