Ukungu wa Kioo: Mwongozo kwa Dereva Anayechungulia

Nenda stendi ya Njombe mwezi Julai kabla jua halijatoka, usimame tu utazame magari yanayoondoka. Kila dereva wa tatu amefuta duara kwenye kioo cha mbele, kubwa kama sahani ya ugali, na kupitia duara hilo anakusudia kufika Makambako, kilomita zipatazo 60 za kona, malori ya mbao na watembea kwa miguu waliovaa makoti meusi. Mwongozo huu ni wa huyo dereva. Ni wa abiria wake pia, maana ndio wanaolipa nauli wapelekwe na mtu asiyeona.

Kwanza kabisa, mkono wako uutoe kwenye kioo. Kiganja kina mafuta, nao mkono wa sweta umebeba vumbi na moshi wa jikoni. Ukifuta, unasambaza maji na kuacha michirizi ambayo taa za lori linalokuja mbele yako zitaigeuza kuwa pazia jeupe. Dakika tatu baadaye ukungu umerudi, nawe umerudi kufuta. Hiyo si kazi ya udereva, ni kazi ya kudeki.

Maji yale hayakupenya kutoka nje. Mmeingia nayo ninyi. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa takriban gramu 30 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi yake. Gari dogo lina mita za ujazo kama tatu hivi za hewa, na hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba hata gramu 30 za mvuke kwa jumla. Watu wanne wakijifungia humo, robo saa inatosha kuijaza, na kinachozidi kinatafuta mahali pa baridi pa kutua. Mahali pa baridi kuliko pote ni kioo. Hapo sijahesabu koti lililolowa, kabichi zilizovunwa na umande wake, wala yule mzee wa siti ya nyuma aliyepitia kwenye ulanzi na sasa anahadithia kwa sauti na kwa pumzi ndefu.

Kwa hiyo hewa itoke. Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Taa yake ikiwaka, gari linawarudishia pumzi zenu wenyewe. Kizime. Madereva wengi hukiwasha kwenye vumbi la kiangazi na hukisahau hapo mpaka baridi iwakute. Kisha tafuta alama ya kioo kilichopinda chenye mishale mitatu ya mawimbi inayopanda juu, elekeza upepo huko, na feni uipe nguvu.

Sasa washa kiyoyozi. Najua ukisikia kiyoyozi unawaza Dar es Salaam mwezi Februari, na konda ataguna: “Bosi, baridi yote hii bado unatuongezea?” Mjibu kwa upole. Kiyoyozi hupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, mvuke ukageuka hapo kuwa maji, na maji yakadondoka chini ya gari. Hewa inayoendelea mbele ni kavu. Ukiwasha na hita kwa pamoja, hewa hiyo kavu inapata joto, na hewa kavu yenye joto inakunywa ukungu wa kioo kwa kasi ambayo kitambaa hakitaiweza kamwe. Kwenye baridi kali ya kukaribia sifuri, kama huko Kitulo nyasi zinapoamka na jalidi, viyoyozi vingi hujizima vyenyewe. Hapo tegemea hita na hewa ya nje.

Gari lisilo na kiyoyozi lina madirisha. Fungua mawili, la mbele na la nyuma upande wa pili, upana wa vidole viwili. Abiria watalalamika. Waache walalamike, wavae mablanketi, lakini wafike.

Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba za umeme za kukipasha joto, na adui yake mkubwa ni wembe. Ukibandua stika ya zamani kwa wembe unazikata, na uzi uliokatika hauachi umeme upite. Loweka stika kwa maji ya uvuguvugu, ukae nayo kwa subira.

Kuhusu mkaa kwenye soksi na vifuko vya chumvi chini ya siti: vikae kama vinakupendeza, lakini usivipe kazi ya kulinda maisha yako. Unyevu vinaovuta haufikii hata kidogo ule mnaopumua. Bora uinue kapeti. Kama chini yake pamelowa, gari linajitengenezea ukungu hata likilala peke yake. Zibua majani yaliyoziba mifereji chini ya kioo cha mbele, kagua mipira ya milango, anika kapeti juani, tandika magazeti chini yake usiku na uyabadilishe asubuhi. Halafu osha kioo kwa ndani. Ule utando wa moshi na mafuta ndio unaovipa vitone mahali pa kushika. Ukimaliza, paka sabuni kidogo sana ya maji kwa kitambaa safi na uisugue mpaka isionekane. Maji yakitua hapo hutandaa badala ya kukusanyika vitone, nawe unaona.

Kioo kikirudia ukungu wenye kunata, na ndani kunanukia utamu kama sharubati iliyochacha huku maji ya rejeta yakipungua, acha kufuta na acha kunusa. Hita inavuja. Kimiminika kinachovuja ni sumu, nenda gereji siku hiyo hiyo.

Na ukifika gereji, kaa macho, kwa sababu hapa ndipo magari yetu yanapoharibiwa kwa nia njema. Fundi ataona hita inavuja na ataziunganisha paipu zake mbili kwa mkato, hita ibaki pambo. Akiwa bado ameshika spana, ataing'oa na themostati: “Nchi ya joto hii, ya nini?” Themostati huyazuia maji ya injini mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo, injini haipati moto wa kutosha asubuhi ya Njombe, inakula mafuta zaidi, na hita hata ikiwa nzima inapuliza hewa ya vuguvugu isiyokausha hata leso. Ukinunua gari kwa mtu, uliza kama themostati ipo kabla ya kuuliza rangi ya siti. Ikiwa imeng'olewa, nunua nyingine, mkabidhi fundi mkononi, na usimame hapo hapo mpaka aifunge.