Huyu Nyambura Ni Nani?

Ukinunua gari lililokwisha kutumika, unanunua na mambo ya mwenyewe wa kwanza. Langu lilikuja na mikwaruzo, harufu ya samaki, na flashi iliyozama ndani ya redio ikakataa kutoka. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni, Mombasa. Aliapa kwamba gari halina shida, na kweli halikuwa nayo; shida yote ilikuwa kwenye redio. Fundi wa mtaani kwetu Nairobi aliivuta ile flashi kwa koleo, akaizamisha zaidi, akavunja na kitufe cha kuzimia, kisha akadai hela ya chai. Tangu hapo, nikiwasha injini, na muziki unawaka, kwa sauti isiyopungua.

Wimbo wa kwanza kila mara ulikuwa wa mwanamume akimwita Nyambura. Mke wangu ni Mdigo wa Kwale na kwao hakuna Nyambura hata mmoja. Mwanzoni alinyamaza. Baadaye akauliza kwa upole ule wa kutisha, "Baba watoto, huyu Nyambura ni nani?"

"Ni flashi ya yule mzee."

"Mzee hana simu?"

Nikampigia, nikaweka spika. "Shikamoo mzee. Hebu mwambie mama hapa, Nyambura ni nani?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, wanangu. Huo ni wimbo wa Them Mushrooms! Hao nimewahudumia sana hotelini."

Mke wangu aliridhika nusu. Nusu iliyobaki anaihifadhi mpaka leo.

Basi ikawa kila abiria ana maoni yake. Jirani yangu, mpenzi wa reggae, aliuliza hawa ni Wajamaika gani wanaojua Kiswahili. Shangazi akakaza masikio, akasema hii ni taarabu na mwimbaji ni Malika, asidanganywe mtu. Mlinzi wa ploti, niliyempa lifti mpaka stendi, alisikia gitaa la benga akakataa kushuka kabla wimbo haujaisha. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisikia chakacha akaanza kucheza akiwa amefungwa mkanda. Niliwaambia wote kwamba ni bendi moja. Hakuna aliyeniamini, na shangazi aliniuliza kama nimekula.

Lakini ukweli ndio huo. Them Mushrooms walianza mwaka 1972 huko Pwani, ndugu wa familia ya Harrison pamoja na wenzao, wakawa wanapiga katika hoteli za Mombasa. Mpiga muziki wa hoteli hachagui mgeni: huyu kataka rumba, yule kataka reggae, na wa meza ya pembeni kataka ngoma ya kienyeji, nawe unataka mshahara. Kazi hiyo iliwafunza kila kitu. Mwaka 1981 walitoa "New Horizon", miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za reggae Afrika Mashariki. Walihamia Nairobi mwaka 1987. Wakapiga taarabu na Malika, na wakamrudisha studio mkongwe Fundi Konde, nyota wa gitaa wa enzi za wazee wetu.

Yote hayo sikuyajua mpaka nilipoyatafuta, baada ya kisa cha mazishini ukweni. Niliegesha gari mbali kwa makusudi. Wazee wamekaa kwenye jamvi wakizungumzia mirathi, kimya kizito, kijana akaja: "Shemeji, sogeza gari, lori la viti lipite." Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mwenye nguvu za kulisukuma. Sikumpata. Nikawasha, na safari hii flashi ikaruka Nyambura, ikaangukia "Jambo Bwana". Msiba mzima ukasikia watalii wanakaribishwa Kenya na kuhakikishiwa kwamba huku mambo ni shwari.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nikajua ndoa imekwisha. Kumbe alikuwa anacheka.

Wazee nao wakaacha mirathi, wakagombania wimbo. Mmoja akasema ni wa Boney M, wale wa Ujerumani. Wa pili akasema ni wa wizara ya utalii. Wa tatu akaapa kwamba hauna mwenyewe, ni wa kale kama mnazi. Mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison, hakutajwa. Mushrooms waliutoa mwaka 1982, na Boney M wakatoa wa kwao mwaka 1983. Tangu hapo umeimbwa na kila mwenye gitaa, ukawafunika wenyewe waliouleta. Mashabiki wa reggae wanawaona watu wa hoteli, wa taarabu wanawaona watu wa reggae, na sisi wengine tunawaona wimbo mmoja tu wa kupokelea wageni. Hiyo ni dhuluma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiusikia tena wimbo huo uwanja wa ndege, mtajie mwenzako mtunzi. Kisha zitafute nyimbo zao nyingine, za Them Mushrooms au za Uyoga, jina lao la baadaye, na uzilipie. Ukiulizwa huo ni muziki wa aina gani, usibishane na mtu. Mwambie apande gari asikilize.