Moshi wa Taka, Mfanyakazi Hodari

Kila Mei Mosi wafanyakazi hodari huitwa mbele wakapewa vyeti, bahasha na friji. Miaka yote hiyo sijasikia ukiitwa moshi wa taka, na mimi ninayeulaza kifuani kila usiku naona ni uonevu mtupu.

Sifa ndogondogo nizipitie haraka. Unafukuza mbu, ingawa mbu wenyewe hawajapata taarifa. Unazipa nguo zilizoanikwa harufu isiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Unawafundisha watoto rangi: mweupe ni wa majani mabichi, mweusi ni wa plastiki, na ule wa kijivu unaowasha macho, muulizeni jirani anayechoma pampasi.

Sifa yake kuu ni kufika. Hapa Dar es Salaam mambo mengi huanza safari na machache hufika. Maji huja kwa mgawo, lami huishia kwenye geti la mkubwa. Moshi unafika. Magharibi ikiadhiniwa nao umeshaingia, haujaomba hela ya soda, haujasema njoo kesho, wala haujababaishwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Tena hauishii sebuleni. Chembe zake zile ndogo kabisa, za maikromita 2.5 kushuka chini, unywele wa mtu unazizidi unene kama mara 30. Vinyweleo vya puani hunasa vumbi nene, kohozi hukamata linalofuata, lakini hizi hupita vituo vyote vya ukaguzi hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, na zilizo ndogo zaidi huvuka zikaingia kwenye damu. Hapo zimeshapata usafiri wa bure. Zinautembelea moyo, mishipa inakakamaa. Zinautembelea ubongo, watu wanasikia fulani kapata kiharusi. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba wamezikuta chembe za kaboni nyeusi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Nitajieni huduma nyingine ya umma inayomfikia mwananchi akiwa bado tumboni, bila kumdai cheti cha kuzaliwa.

Na haujisifu. Marehemu akiwa na pumu huandikwa pumu, akiwa na presha huandikwa presha, na moshi unakaa kimya nyuma kabisa ya msiba. Kule London waliuvua unyenyekevu huo: Desemba 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyefariki mwaka 2013. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kutaja hivyo, na mama yake alihangaika miaka mingi kabla ya kulisikia neno hilo. Kwetu mtoto anaandikiwa dawa ya kuvuta, anarudishwa kulala chini ya dirisha lile lile.

Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza kisizidiwe cha chembe hizo ndogo mwaka 2021, kutoka wastani wa maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka. Mtaani kwetu tunapima kwa shuka jeupe.

Lundo lenyewe liko kwenye kona, chini ya nguzo ya umeme. Juu maganda ya ndizi na vifuu, katikati chupa za maji na mifuko ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, chini nyaya ambazo vijana huzichoma ili ibaki shaba. Ganda la waya likiungua hutoa dioksini, sumu ambayo ikishaingia kwenye mafuta ya mwili hukaa miaka. Viongozi wetu wanasema wananchi hawana elimu. Elimu gani? Mama wa nyumba ya tatu anajua sana kwamba plastiki ikiungua inaua, ndiyo maana huwasha kiberiti akiwa amejifunga kanga puani. Lakini lori la taka hajaliona tangu kabla ya Pasaka, na funza wameshaanza kuvuka kizingiti. Afanye nini, azile? Ada ya taka analipa! Mkusanya ada hakosi hata mwezi mmoja, anakuja na kimashine chake, anatoa risiti, anapiga chafya kwa moshi, anaondoka.

Juzi tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Bwana afya akatusomea sheria ndogo: atakayekutwa anachoma taka, faini shilingi elfu hamsini. Bibi mmoja akanyoosha mkono.

“Mwanangu, na asiyeleta lori anatozwa ngapi?”

Bwana afya akasema swali ni zuri sana, akaliandika kwenye daftari, na mwenyekiti akafunga kikao.