Kunguru Kizimbani

Jumamosi, saa saba mchana, sehemu ya kuoshea magari Kinondoni, Dar es Salaam. Gari dogo jeusi limeachwa juani, limelowa. Muoshaji amekwenda kula. Vyombo vyake vimeitisha kikao cha dharura.

NDOO: Waungwana, tulieni. Gari amelalamika kwamba rangi yake inaharibika. Mshtakiwa yuko pale juu ya mwembe.

KUNGURU: Nimeshahukumiwa au bado?

NDOO: Bado. Kwanza tutasoma hukumu, halafu tutasikiliza ushahidi. Mzee Tambara, karibu.

TAMBARA: Asante, mheshimiwa mwenyekiti. Mimi ni mzoefu. Kabla ya kazi hii nilikuwa fulana ya kampeni. Niliahidi kung'arisha maisha ya watu, na leo natekeleza, gari moja baada ya jingine. Huyu ndugu yeye kazi yake ni kuchafua tu.

KUNGURU: Sikatai. Kinyesi changu kina asidi, na kikikaukia juani kinakula rangi. Lakini mtu akikiwahi kwa maji, akakiacha kilainike, akakiondoa bila kukwangua, mara nyingi hakiachi alama. Dada Gari, kile cha kwenye boneti kilikaa tangu lini?

GARI: Jumatano. Bosi alisema tusubiri wikiendi.

KUNGURU: Mmesikia. Babu zangu waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Waliajiriwa usafi, wakaishia kuwa kero. Kwa hiyo wasafishaji wanaoharibu nawajua vizuri, tangu nyumbani kwetu.

TAMBARA: Anamsema nani huyu?

GARI: Mzee wangu, shikamoo, lakini njoo unitazame mlangoni jua linapopiga. Unaiona hiyo mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui? Kunguru hazunguki mlangoni mwangu. Anayezunguka ni wewe.

TAMBARA: Hayo ni mapambo, mwanangu.

GARI: Juu ya rangi yangu kuna vanishi, unene wake kama mikroni 50 hivi. Unywele wa binadamu mara nyingi unaishinda. Asubuhi umefuta rimu za daladala, ukaanguka mchangani, ukachovywa kwenye ndoo, kisha ukapanda mlangoni kwangu. Vumbi peke yake lilikuwa limekaa kwa amani. Umelikuta, ukalisugulia ndani.

KUNGURU: Na maji ya kwenye hiyo ndoo yana rangi gani?

NDOO: Kiti hakihojiwi!

GARI: Yana rangi ya chai ya maziwa, mheshimiwa. Mchanga wote umetulia tumboni mwako, na kila Tambara akizama anarudi nao. Kwa wanaojua kuosha, ndoo huwa mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia.

NDOO: Mwenyekiti wa pili? Hayo ni mapinduzi! Katibu, futa maneno hayo.

SABUNI YA UNGA: Mnapoteza muda. Wateja wanataka povu, nami ninalo. Mimi nang'oa mafuta ya pilau kwenye sufuria, gari litanishinda?

NTA: Hapo ndipo penye tatizo, dada yangu.

NDOO: Wewe ni nani? Hatujawahi kukuona.

NTA: Mimi kopo la nta. Asili yangu ni majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya minazi huko Brazili. Bosi alininunua, akanitupa kwenye buti, hajanifungua mpaka leo. Kazi yangu ni kukaa juu ya vanishi ili maji, chumvi ya bahari na hiyo zawadi ya Kunguru visishike upesi. Kwa jua la Pwani nadumu wiki kadhaa tu, halafu napakwa upya. Lakini Sabuni ya Unga akipita na ukali wake, ananiondoa pamoja na uchafu. Ndiyo maana kuna shampuu ya magari.

SABUNI YA UNGA: Shampuu! Gari lina nywele?

GARI: Na mimi mnaniacha juani nikauke mwenyewe. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe. Huko chini kwenye madigadi na chasisi, ambako tope na chumvi vinajificha na kutu inaanzia, hakuna aliyepitisha hata kopo moja la maji.

TAMBARA: Chini nani anapaona? Bosi analipia kinachoonekana.

NDOO: Imetosha. Kikao kimeamua hivi: Kunguru ana hatia. Kuhusu Tambara, itaundwa kamati ya uchunguzi, na kwa kuzingatia uzoefu wake, mwenyekiti wa kamati atakuwa Tambara.

TAMBARA: Naupokea uteuzi kwa unyenyekevu.

KUNGURU: Nami natangaza kukata rufaa. Dada Gari, bosi wako akija atanitukana mimi, atampa Tambara bakshishi. Zungumza na wenye magari wenyewe.

GARI: Basi nisikilizeni, wenye magari. Tafuteni kivuli, ila si chini ya mwembe wenye utomvu na ndege. Mwambieni kijana amwage maji kwanza, kuanzia juu ya paa kushuka, mpaka mchanga utoke wenyewe kabla ya mkono kugusa bodi. Rimu ziwe na kitambaa chake. Bodi ipate dodoki laini na ndoo mbili, ikaushwe kwa taulo safi la maikrofaiba, kisha nta. Huko chini napo papigwe maji. Akisema hayo yote yanamchelewesha, mwongezeni hela kidogo. Kumlipa fundi rangi ni ghali zaidi.