Heri Gemu Isiyoazimwa

Kigali hii, konsoli ni mali ya umma. Nunua leo, kesho wapwa, majirani na marafiki wa majirani wamejaa sebuleni, kila mmoja na timu yake, na mwenye nyumba anapangiwa zamu usiku wa manane. Ndiyo maana naisifu gemu ya Syberia II, iliyoniondolea kero hiyo bila ugomvi.

Haina mpira, haina vita. Ina Kate Walker, wakili wa New York aliyetumwa Ulaya kusimamia uuzaji wa kiwanda cha vikaragosi vya mitambo, akaishia ndani ya treni na mzee Hans Voralberg, mrithi wa kiwanda, wakiwasaka mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Habari za wakili na kiwanda zimo katika sehemu ya kwanza, ya mwaka 2002. Mimi nilianzia ya pili, ya 2004, kama mgeni anayefika harusini viti vinakunjwa. Baraka tupu! Aliyeanzia mwanzo anajua safari ni ya nini. Mimi nimepata fumbo moja zaidi yake, tena bure.

Treni inafika Romansburg, inahitaji makaa. Makaa tu. Mwingine angemwita muuzaji. Kate anapewa mji wa kuzunguka, watu wa kuhoji, vitu vya kuokota na kujaribu hiki kwenye kile. Gemu za namna hii zilizaliwa kwenye kompyuta: unaelekeza kipanya, unabofya, bibi anakwenda. Kwenye konsoli ya Switch, ilikofika mwaka 2017, unamwongoza kwa kijiti cha pedi. Unamtaka mlangoni, anabusu ukuta. Kamera inabadilika, kulia kunakuwa kushoto, naye anarudi alikotoka kwa heshima zote. Kioo cha kugusa kipo, ila konsoli ikishachomekwa kwenye televisheni hakina kazi. Wenye haraka huita hayo kasoro. Mimi nayaita tuisheni: aliyekwisha kumpandisha Kate ngazi moja hatanung'unika tena kwenye foleni ya basi Nyabugogo.

Na sebule? Kijana wa kwanza alitazama kidogo, akauliza tutaanza lini kupigana. Nikamjibu, tupate makaa kwanza. Papo hapo akakumbuka kazi ya shule. Hakuna mzazi wa Nyamirambo aliyewahi kupata ushindi huo kwa fimbo. Wa pili alivumilia kidogo zaidi, akaaga.

Nimsifu pia mtunzi, hayati Benoît Sokal, mchora katuni wa Ubelgiji. Wabelgiji waliitawala Rwanda tangu 1916 hadi 1962, wakatuamuru mengi, hata kulima kahawa kwa lazima. Huyu ni wa kwanza kunituma makaa kwa fedha yangu mwenyewe, nami nikaenda nikicheka, juani, nikimsukuma Kate kwenye theluji.

Pedi yangu sasa haina doa la mafuta ya sambusa. Sehemu ya tatu ilitoka mwaka 2017. Mwenye nayo hapa mjini aniuzie. Najua hakuna aliyekwisha kumwomba.